Nyuzi Nyekundu Ndani ya Bitana

Kaka yangu ni fundi cherehani, na anaamini hakuna kitu duniani kisichoweza kupimwa, kukatwa na kushonwa upya. Mimi ni mwalimu wa Kiitaliano, na ninaamini mwanafunzi akiambiwa jambo mara mbili inatosha. Watu wawili wa namna hiyo hawafai kuwekwa chumba kimoja chenye mkasi. Lakini ndivyo tulivyokaa miezi ile yote, na leo nikikumbuka nacheka peke yangu mpaka watu wananigeukia.

Chanzo ni simu. Binti yake, ambaye tangu utotoni tunamwita Uzi kwa wembamba wake, alikuwa akisoma ng'ambo, na huko akapata mchumba wa Kiitaliano. Kijana mwenyewe ni mrefu kiasi kwamba kaka alipoona picha yake, kitu cha kwanza alichouliza ni suruali yake inakula mita ngapi za kitambaa. Tulimpenda. Ikaamuliwa harusi ifanyike kwetu, na kabla ya hapo wazee wa pande mbili waonane kwa simu ya video.

Upande wa kule alikaa nonna, yaani bibi yake bwana harusi, aliyemlea kijana yule tangu akiwa mdogo. Upande wetu walikaa kaka na mke wake. Uzi ndiye aliyekuwa atafsiri, lakini mtandao haukuwa na huruma. Ulimtupa nje yeye peke yake na kuwaacha wale wengine wakitazamana. Nonna akaanza kuongea. Kaka hakuelewa hata neno moja, ila kwa adabu alikunja uso kidogo na kutikisa kichwa kukubali. Nonna akauliza tena, kaka akakubali tena. Ya tatu aliikubali huku akitabasamu, maana aliona mazungumzo yanakwenda vizuri. Nonna akashika kifua na kulia.

Baadaye Uzi akatupa tafsiri. Nonna alikuwa amemuuliza kaka kama anaumwa, kwa jinsi alivyokaa. Halafu akamuuliza kama ni ugonjwa mkubwa. Halafu akamuuliza kama madaktari wamekata tamaa.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka hakucheka. Kesho yake alipanda ngazi hadi darasani kwangu, akasubiri wanafunzi watoke, akakaa kwenye dawati la mbele na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Dada," akasema, "nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Maneno ya kuwakaribisha. Machache. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Uzi atatafsiri, kaka. Au mimi. Nipo."

"Watu wanakuja kutoka mbali kuunganisha ukoo na mimi, halafu nisimame mbele yao na mdomo wa kuazima?" Alishika ncha mbili za futi yake akazivuta. "Siku ile nilikaa mbele ya yule mama kama gunia. Sitaki kuwa bubu kwenye harusi ya mwanangu. Ukikataa, sema, nitafute mwalimu mwingine."

Mwalimu mwingine wa Kiitaliano katika mji wetu hayupo, na yeye anajua. Nilikubali.

Tukatunga hotuba. Niliiweka fupi makusudi, na yeye alichagua ya kusema. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: Familia wapendwa, karibuni. Sisi ni watu wa kawaida. Binti yetu alikuwa mdogo, chini ya meza, kati ya nyuzi na vifungo. Leo meza imekuwa ndefu zaidi. Kaeni pamoja nasi. Tunawatakia furaha. Na ni kweli tupu, maana Uzi alilelewa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hapo ndipo alipolala mchana, hapo ndipo alipojifunza kutambaa, na hapo ndipo alipomeza kifungo cha shati la mteja mmoja ambaye alikuwa muungwana asiulize kilipatikana vipi.

Kwa Kiitaliano ikawa: Cara famiglia, benvenuti. Noi siamo gente semplice. Nostra figlia era piccola, sotto la tavola, tra fili e bottoni. Oggi la tavola è più lunga. Sedetevi con noi. Vi auguriamo felicità.

Mtu akiitazama anaona si kitu. Ngoja nieleze tabu iko wapi. Sisi tunaosema Kiswahili tumedekezwa. Mkazo wetu hauhami: unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe fupi, liwe refu, wala hatuufikirii. Kiitaliano nacho mara nyingi hufanya hivyo hivyo, na hapo ndipo kinapokunasa. Unasema fa-MI-glia, ben-ve-NU-ti, bot-TO-ni, unajiona umeshafika. Halafu linakuja neno kama tavola, meza, ambalo mkazo wake umerudi nyuma silabi moja zaidi: TA-vo-la. Na halina alama yoyote ya kukuonya. Felicità angalau ni mstaarabu. Mkazo wake umekimbilia mwisho kabisa, lakini umekuwekea kialama juu ya herufi ukione.

"Ta-VO-la," akasema kaka.

"TA-vo-la."

"Ta-VO-la."

"Kaka, TA! TA! Mwanzoni!"

"Sasa mtu atajuaje kama ni mwanzoni?"

"Unajua tu. Unalisikia, unalikariri."

"Unajua tu!" Alinitazama kama mtu aliyeuziwa kitambaa kilichotoboka. "Mteja akiniuliza kiuno chake nimekipimaje, nimwambie najua tu?"

Nilimchorea ubaoni. Nilimwandikia kanuni. Niligonga ubao kwa rula mpaka mwenye duka la chini akapiga dari kwa fagio. Kaka alitoka darasani na "ta-VO-la" yake ikiwa nzima haina hata mkwaruzo, nami nilikwenda nyumbani nimekasirika nikala nimesimama.

Siku zilizofuata alinitaka mimi niende kwake. Alisema kichwa chake hakifanyi kazi mbali na cherehani, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana.

Duka lake ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna meza ya kukatia, katikati kuna cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na dirishani kuna meza ndogo ya wifi yangu. Wifi ndiye mmaliziaji. Nguo ikishashonwa inatundikwa kwenye bomba nyuma ya kiti chake, naye huishusha, akafumua bandi, akapiga brashi chaki, akashona vifungo, akapiga pasi. Bandi, kwa asiyejua, ni ule mshono mrefu wa muda unaoshikilia kitambaa kisihame mpaka mshono wenyewe upite. Kazi ikiisha, unafumuliwa. Tangu waoane haijatoka nguo pale na uzi wa bandi. Muda mwingi wifi ana pini midomoni, na kwa sababu hiyo wateja humsifu kwa upole. Mimi wifi yake ninamjua.

Kaka alitandaza utepe mrefu wa kitambaa cheupe juu ya meza, akanipa chaki. "Andika neno," akasema. "Nionyeshe linakatwa wapi."

Nikaandika piccola. Nikamweleza kwamba herufi mbili zinazofanana lazima zitengane, moja ibaki nyuma na moja iende mbele: pic-co-la. Vivyo hivyo sot-to, bot-to-ni.

"Kumbe ni mshono," akasema. "Vipande viwili vikikutana, kila kimoja kinatoa ukingo wake. Sasa na hili?"

Lilikuwa nostra. Nikamwambia hapo hakuna kutenganisha; ile s haibaki nyuma, inaongozana na inayofuata: no-stra.

"Sawa, hapo ni pindo, halikatwi." Akaukata utepe kwa mkasi, silabi kwa silabi, kisha akavipanga vipande mezani. Halafu akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akachukua kipande cha TA, akakipiga bandi tatu nono katikati. Vo na la akaviacha vitupu. "Huyu ndiye anayebeba uzito," akasema, akakigusa kipande chenye uzi. "Wengine wanamfuata."

Akaenda akakaa kwenye cherehani isiyo na nguo, akakanyaga pedali kwa nguvu mara moja, kisha akaiachia miguu iende yenyewe kidogo kidogo. "TA-vo-la," akasema.

Niliruka. Sioni haya kusema nilipiga kelele. Nilimkumbatia kwa nyuma na futi yake shingoni, nikamwambia aseme tena, akasema tena, akakosea, akakanyaga, akapatia. Wifi aliinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa nalo, akatutazama sisi watu wazima wawili tukirukaruka, akarudi kwenye kifungo chake.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila alasiri nikitoka darasani napita dukani, na kaka ananisubiri na vipande vyake. Semplice ilimsumbua kuliko zote, maana mdomo wake ulitaka kusema sem-PLI-ce kwa udi na uvumba. Alilikanyagia neno lile mpaka mkanda wa cherehani ukachomoka. Sedetevi nayo ilimtoa jasho. Wateja walizoea. Jirani yetu muuza viatu alileta suruali ibadilishwe zipu, akasubiri, akaondoka akisema "SEM-pli-ce, SEM-pli-ce" njia nzima bila kujua ni nini. Mimi, ambaye darasani sivumilii mtu akinikatiza, nilikuwa nakatizwa na pasi, na zipu, na mama mmoja anayetaka gauni lake litolewe kiuno, na sikujali hata kidogo.

Siku moja wifi alitoa pini mdomoni akauliza, bila kuinua kichwa, "Wifi, hiyo nostra ndiyo nini?"

"Yetu," nikasema. "Nostra figlia, binti yetu."

"Binti yetu," akasema. "Aha." Akang'ata uzi, akarudisha pini mdomoni.

"Mama Uzi, na wewe unataka kujifunza?" kaka akamtania. "Hii kazi nzito, mwenzangu. Inataka miguu."

Wifi akashusha shati jingine kwenye bomba. Nasi tukaendelea.

Wiki ya harusi ilipoingia, kaka alikuwa anaisema hotuba yote bila kutazama vipande, mradi awe kwenye cherehani. Akisimama tu, inamkimbia. Akikaa inarudi. Nilimwambia labda aihutubie harusi akiwa amekaa. Akanijibu kwamba hajawahi kuona suti iliyokaa vizuri kwa mtu aliyeketi.

Siku mbili kabla ya harusi nilimkuta peke yake, wifi akiwa ameenda kuona ukumbi. Alikuwa na koti lake la harusi juu ya meza, koti la bluu iliyoiva, kazi safi mpaka nikaona wivu. Alilifungua akanionyesha ndani. Juu ya bitana, upande wa kushoto, alikuwa ameandika hotuba nzima kwa chaki, silabi kwa silabi, na kila silabi yenye mkazo ameipiga bandi ya uzi mwekundu. SEM, PIC, TA, DE, mpaka TÀ ya mwisho. Kutoka mbali ungedhani ni nakshi.

"Nikisimama nafungua koti hivi, kama mtu anayetafuta leso," akasema. "Nachungulia."

"Si ulimwambia mkeo unayo yote kichwani?"

"Ndiyo maana humwambii. Nimejisifu mno, dada. Nimemwambia hata usingizini naisema. Atanicheka mpaka nizikwe."

Nikaapa sitasema. Akalitundika koti kwenye bomba, pamoja na nguo zetu nyingine za harusi, na tukaenda zetu. Kwenye bomba! Nyuma ya kiti cha mmaliziaji! Mtu ameshona maisha yake yote, amemkabidhi mke wake kila nguo aliyowahi kuishona, na siku anayotaka kumficha bandi anaenda kuitundika pale pale. Na mimi, msomi, nikiwa nimesimama pembeni nikiona.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Uzi alikuwa amevaa gauni alilolishona baba yake na kulimalizia mama yake, na sitaongeza neno hapo kwa sababu nitalia tena. Mkwe alikuwa ameinama kidogo muda wote ili awe sawa na watu. Nonna alikaa meza ya mbele, mdogo wa mwili, fimbo pembeni, akimtazama kaka kwa huruma kubwa. Uzi alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba baba ni mzima, lakini nonna aliona ni maneno ya kumfariji. Kila kaka alipokohoa, nonna alimsogezea maji.

Mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi. Kaka akasimama. Koti lilikaa kama limezaliwa naye. Akapita kati ya meza, kifua mbele, na mimi mwalimu wake nilijisikia fahari mpaka masikioni.

Hapo wifi, aliyekuwa amekaa kando yangu, akaniinamia. "Mwone ndugu yako," akaninong'oneza. "Siku hizi hamalizi kazi. Asubuhi nimekuta koti lake limejaa bandi nyekundu ndani, na chaki kila mahali."

Nikageuka taratibu. "Ukafanyaje, wifi?"

"Nimefumua. Nimepiga brashi. Na pasi."

Nilitaka kumpigia kaka ishara, lakini ishara gani? Hakuna ishara ya mkono inayosema bitana yako ni tupu.

Kaka alifika mbele. Akaangalia watu, akatabasamu. "Cara famiglia," akasema kwa sauti nzuri, "benvenuti." Jamaa wa bwana harusi wakashangaa, kisha wakapiga makofi kwa nguvu, na nonna akaweka mkono mdomoni. "Noi siamo gente," akasema kaka, na kwa utulivu wa mtu aliyejipanga, akafungua koti upande wa kushoto.

Akalitazama. Akalifungua zaidi. Akatazama upande wa kulia, kama vile maneno yangeweza kuhamia huko. Bitana iling'aa, safi, haina hata alama ya sindano.

"Gente," akarudia kaka.

Makofi yalikuwa yameisha na kila mtu alikuwa anangoja. Niliona mguu wake wa kulia ukitafuta kitu sakafuni, ukitafuta pedali ambayo haikuwepo, ukikanyaga bila sauti juu ya zulia. Nonna akaanza kuinuka na glasi ya maji mkononi. Nikajua kinachofuata: atamketisha, atampepea, na kaka yangu atakuwa bubu kwenye harusi ya mwanawe, na mgonjwa juu yake.

"SEM."

Sauti ilitoka kando yangu. Kisigino cha kiatu kikapiga sakafu, pwaa, mahali ambapo zulia halikufika.

"SEM-pli-ce," akasema wifi yangu.

Akasimama. Akapita nyuma ya kiti changu, akaenda mbele bila haraka, gauni lake likiwa limenyooka kila pindo, akasimama kando ya mume wake. Hakumtazama. Akapiga kisigino tena.

"NO-stra FI-glia," akaanza.

Kaka alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha mguu wake ukapata mdundo. "E-ra PIC-co-la," akasema, na mguu wake ukapiga pamoja na wa mkewe. "SOT-to la TA-vo-la," wakasema wote wawili. Uzi, pale alipokaa, alijifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakicheza, sijui kwa kicheko au kilio, nadhani vyote. "Tra FI-li e bot-TO-ni." Sasa hawakuwa wanakumbuka, walikuwa wanashona. Mmoja akianza, mwenzake anapokea. Wifi alisema oggi, kaka akasema tavola, tavola iliyokaa vizuri kuliko zote nilizowahi kumfundisha mtu, na wakamalizia più lunga kwa pamoja. Jamaa wa bwana harusi walishaanza kupiga meza kwa viganja, wakifuata visigino. Se-DE-te-vi ilipita bila jasho. Na walipofika mwisho, kaka akainua mkono kama anavyoinua mkasi kabla ya kukata, ukumbi mzima, wenye lugha na wasio na lugha, ukasubiri.

"Vi auguriamo fe-li-ci..."

"TÀ!" wakapiga wote, na muuza viatu wetu alikuwa juu ya kiti.

Sijui makofi yalidumu muda gani. Mimi nilikuwa nimesimama nikilia na kupiga yowe la furaha kama mtu asiye na cheo chochote katika elimu. Nonna alikuja mbele na fimbo yake. Akamshika kaka mkono, akamtazama machoni kwa ukali wa muuguzi, akauliza polepole, "E la salute?"

Niliinuka kwenda kutafsiri, lakini kaka aliinua kiganja kunizuia. Neno la afya alikuwa amejifunza siku nyingi, na kwa sababu nzuri. Akanyoosha mgongo.

"Be-NIS-si-mo, nonna," akasema. "Benissimo!" Akajipiga kifua kuthibitisha kwamba ni mzima kabisa.

Nonna akacheka mpaka ikabidi wifi amshike. Kisha akamgeukia wifi, akavuta pumzi, na tukaona kwamba naye alikuwa na lake aliloliandaa. "As-san-te, ma-ma," akasema, kwa s mbili nono.

"Hapo ukingo umezidi kidogo," wifi akaniambia huku akimkumbatia, "lakini vazi limemkaa."

Siku ya pili yake nilipita dukani. Watu wa mbali walikuwa bado wamelala kwenye nyumba ya wageni, na kaka na wifi walikuwa kazini kama kawaida, maana suruali za watu hazijui harusi. Kaka alikuwa kwenye cherehani. Hakuwa anashona. Alikuwa akimwangalia mke wake anavyofumua bandi kwenye shati la mtu.

"Mama Uzi," akasema, "hivi ulijua zile nyuzi ni nini?"

Wifi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake. Nikajua kumekucha.

"Miezi yote hii nimekaa hapa na masikio yangu," akasema. "Nisijue SEM inakaa wapi?"

"Ukafumua! Unaniumbua hivyo, mbele ya wakwe?"

"Bandi inashikilia kitambaa mpaka mshono ukae. Mshono ulikuwa umekaa. Ulikuwa unaisema usingizini kweli, mume wangu, mimi ndiye ninayelala pale. Na kama ungekwama, mimi nilikuwepo."

"Ungeniambia basi kwamba unaijua yote!"

"Kuna aliyeniuliza?" Akachukua mkasi mdogo, akakata uzi. "Mnakaa pale na wifi, nostra figlia, nostra figlia, kutwa. Nikauliza maana yake, nikaambiwa binti yetu. Yetu. Sasa wewe ungesimama peke yako mbele za watu useme yetu, na mwenzako wa kulisema naye amekaa na mkoba magotini?"

Mimi nilianza kuchunguza kitambaa kimoja pale mezani kwa makini sana, maana yale maneno yalikuwa na pande mbili na upande mmoja ulikuwa wangu.

Kisha kaka akasimama. Akavua futi shingoni, akaikunja, akaiweka chini. "Nonna yupo mpaka Jumapili," akasema. "Dada anatufundisha maneno ya kumuaga. Sisi wawili." Akaonyesha nafasi tupu kando ya cherehani. "Kesho sogeza kiti chako huku."

Wifi hakungoja kesho. Aliinuka na shati la watu mkononi, akakikokota kiti.